Barua ya wazi: Mkopo wa mama mfugaji ufuate mvua, usifuate mwaka wa fedha

Kwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Wakuu wa mikoa ya Arusha na Manyara. Na wakurugenzi, wenyeviti na madiwani wa halmashauri za Longido, Monduli, Ngorongoro, Simanjiro na Kiteto.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu fedha ambazo tayari zipo kisheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kubaini udhaifu mkubwa, vikiwamo vikundi hewa, kisha ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa usimamizi mpya. Kwa kurejeshwa huko tunashukuru. Lakini mkopo huo bado unamtendea mama lishe wa Kariakoo na mwanamke mfugaji wa Gelai Lumbwa, Longido, kana kwamba wote wawili hupata fedha kwa mtiririko mmoja, mwezi baada ya mwezi, na hapo ndipo penye tatizo ninalotaka kulieleza. Ombi langu kubwa halihusu kuongezewa fedha. Linahusu ratiba ya fedha zilizopo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikivisaidia vikundi vya akina mama wilayani Longido kuandika vitabu vyao vya hisa, mikopo na marejesho. Ninayoyasema nimeyaona katika vitabu hivyo.

Kwa familia ya wafugaji, ng'ombe ni wa mume na maziwa ni ya mke. Yeye ndiye anayekamua, anayegawa kibuyu cha watoto na cha wageni, na kinachobaki anakiuza, hata kama ni lita mbili tu zinazopelekwa barabarani kwenye njia ya Arusha na Namanga. Hicho ndicho kipato chake cha kwanza na mara nyingi ndicho pekee ambacho hakuna anayemhoji akikitumia. Kiangazi kinapokaza, vijana huondoka na mifugo kwenda ronjo, mahali penye nyasi, pengine mwendo wa siku kadhaa, na maziwa huondoka pamoja na ng'ombe. Mama anabaki bomani na wazee, watoto na mbuzi wachache. Ukame unapozidi na mifugo ikafa, kama ilivyotokea Longido mwaka 2009 na kama ilivyotokea Simanjiro baada ya vuli ya 2021 kukosekana, ambako mifugo ilikufa kwa maelfu, mume anahesabu hasara ya ng'ombe na taarifa za wilaya zinahesabu hasara hiyohiyo. Hasara ya maziwa haiandikwi popote.

Wanawake wengi waliokopa walifungua duka. Ni uamuzi wa busara, kwa sababu maziwa yanapokosekana boma zima huhamia kwenye unga, na mwenye unga anatafutwa. Tatizo ni kwamba anatafutwa na watu wasio na fedha. Katika ukame bei ya mahindi hupanda wakati bei ya ng'ombe aliyekonda inaporomoka, na mfugaji aliyezoea kuuza dume mmoja na kurudi na magunia kadhaa anaweza kurudi mnadani bila kufikisha hata bei ya gunia moja. Hapo ndipo linapofunguliwa daftari la madeni. Nimelipekua daftari la aina hiyo katika kijiji kimoja: mkono wa kushoto mauzo ya mkopo, mkono wa kulia malipo. Tangu mwezi wa tisa ukurasa wa kushoto ulikuwa umejaa mpaka pembeni, sembe kilo tano, sukari robo, majani ya chai, sabuni kipande, na kila boma limeandikwa kwa jina la mama mwenye nyumba. Kulia kulikuwa kweupe. Kurasa kadhaa mbele, mvua ziliponyesha, malipo yakaanza kuonekana, na mengine hayakuwa shilingi: "mbuzi jike mmoja, amelipa yote." Mwanamke yule alikuwa amelilisha kitongoji kizima kwa mtaji wake, na karibu wote walimlipa. Ila walimlipa kwa kalenda yao, na halmashauri ilikuwa inamdai kwa kalenda yake.

Tuseme kikundi kimepewa shilingi milioni 5 mwezi Mei, za kurejeshwa ndani ya miezi 12. Hiyo ni takribani shilingi 417,000 kila mwezi. Juni na Julai hakuna shida, maziwa yapo na minada imechangamka. Septemba ng'ombe wako ronjo. Novemba watu wanatazama angani. Vuli ikikosekana, Desemba na Januari kikundi hakina cha kurejesha, na wanachama wanaanza kuchangishana kutoka mifukoni mwao ili jina lao lisiharibike. Na mfuko unapokuwa mtupu wanakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, wale wanaochukua kadi ya benki, simu au mbuzi kama dhamana. Hivyo mkopo wa serikali usio na riba unalipwa kwa mkopo wa mtaani wenye riba ya kutisha. Hata pale kikundi kinapopewa muda wa kupumua kabla ya rejesho la kwanza, muda huo mara nyingi huangukia miezi ambayo mama ana uwezo wa kulipa, na unamalizika pale uwezo unapoisha.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likijadiliwa hadharani. Asilimia 10 ni ya mapato ya ndani, na katika halmashauri za wafugaji sehemu kubwa ya mapato hayo hutoka kwenye ushuru wa minada. Ng'ombe wakikonda au wakifa, wanaouzwa hupungua, ushuru hupungua, na fungu la akina mama hupungua nalo. Maana yake ni kwamba sheria, kama ilivyo, inatoa kidogo zaidi katika mwaka ambao mahitaji ni makubwa zaidi. Halmashauri yenye viwanda haina hofu hiyo. Longido na Simanjiro zinayo, na haiwezekani mkurugenzi peke yake akaitatua. Panahitajika akiba ndogo inayowekwa katika miaka ya mvua nzuri, au nyongeza kutoka Serikali Kuu kwa halmashauri ambazo mapato yake yameangushwa na ukame uliothibitishwa.

Ninaomba, basi, marejesho katika halmashauri za wafugaji yapangwe kwa misimu. Kikundi kilipe zaidi katika miezi ya baada ya masika, wakati mifugo imenawiri na minada ina wanunuzi, kilipe kidogo sana au kisilipe kabisa katika kina cha kiangazi, na pale ukame unapotangazwa marejesho yasimame yenyewe bila kikundi kuandika barua ya kuomba huruma. Hilo la mwisho nalisisitiza. Msamaha unaoombwa humfikia mwenye ndugu ofisini kabla ya kumfikia mwenye shida. Kipimo kiwe cha wazi: taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, hali ya malisho na bei za mnada ambazo maofisa mifugo tayari huzikusanya. Majirani zetu wamekwishaonyesha kwamba jambo hili linawezekana, kwani tangu mwaka 2010 huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kuna bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho, na mfugaji hulipwa malisho yanaposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Ikiwa setilaiti inaweza kuamua bima ilipwe, inaweza pia kuamua rejesho lisubiri.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba wakikopeshwa hivyo hawatalipa, na kwamba madeni sugu ya miaka iliyopita ndiyo yaliyosababisha mikopo isitishwe. Hofu hiyo ina msingi, lakini vikundi hewa havikushindwa kulipa kwa sababu ya ukame. Vilishindwa kwa sababu havikuwapo. Kikundi chenye wanachama wanaokutana kila wiki chini ya mti uleule, chenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu mikononi mwa wanawake watatu tofauti, kinajulikana kwa kila mtu kijijini. Ofisa anayetaka kukihakiki anahitaji pikipiki na nusu siku. Aidha, kusimamisha rejesho hakumaanishi kulifuta. Deni linabaki palepale, linangoja mvua kama wanavyoingoja wenye kudaiwa, na kumbukumbu za vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, zinaonyesha kwamba wanawake hawa hulipana wao kwa wao hata baada ya msimu mbaya. Inafaa kukumbuka kwamba utaratibu wa vikoba wenyewe una asili yake Niger, nchi ya ukame, ambako shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akiba vya wanawake mwaka 1991 kabla havijasambaa hadi kwetu.

Nije kwa wale ambao mkopo haufai hata ukiwa na kalenda nzuri. Katika kila kijiji kuna wanawake wasio na kitu kabisa: wajane, walioachwa, wake wa mwisho katika maboma yaliyofilisika, ambao hawaingii katika kikoba kwa sababu hawana hata fedha ya hisa ya wiki. Kumkopesha mtu wa namna hiyo ni kumwongezea mzigo. Hukohuko Marsabit, shirika liitwalo BOMA limekuwa tangu mwaka 2009 likiwaunganisha wanawake maskini zaidi watatu watatu, likiwapa ruzuku ya mtaji isiyorejeshwa pamoja na mshauri anayewatembelea kwa miaka miwili, kisha likiwaingiza katika vikundi vya akiba. Mpango huo una undugu na ule ulioanzishwa na shirika la BRAC huko Bangladesh mwaka 2002. Mimi navutiwa hasa na ile idadi ya watatu. Kikundi chetu cha watu wengi kinapata shida mmoja anapohama na mifugo au kujifungua, mgao wa kazi unavurugika na lawama zinaanza. Wanawake watatu wanaojuana wanaweza kupeana zamu, mmoja akaenda mnadani, mmoja akabaki dukani, mmoja akawa ronjo na bado akapata sehemu yake. Tunao mfumo wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), unaozifahamu kaya maskini kwa majina hadi ngazi ya kijiji. Naomba ruzuku ya kuanzia ipitie huko, na mkopo wa asilimia 10 uwe hatua ya pili kwa mwanamke aliyekwisha kusimama.

Kuhusu aina za biashara, naomba mniwie radhi nikisema kwamba maandiko mengi ya miradi ninayoyaona yanafanana kupita kiasi. Kuku na cherehani, cherehani na kuku. Kikundi kinaandika kuku kwa sababu kimeambiwa kuku hupitishwa, ilhali chakula cha kuku wa kisasa kinatoka Arusha na maji ya kuwanywesha yanagombewa na ndama. Ushanga nao una soko lake, lakini ni soko la watalii, na mwaka 2020 ulituonyesha watalii wakikosekana kinachobaki ni makasha ya ushanga chini ya kitanda. Biashara itakayomsaidia mwanamke wakati wa ukame ni ile ambayo mteja wake hategemei mvua ileile, au ile ambayo ukame wenyewe unaiongezea kazi.

Mfano wa hiyo ya pili ni nafaka. Kikundi kinachonunua mahindi wakati wa mavuno huko Ol-molog au Kiteto, kikayahifadhi vizuri katika mifuko isiyopitisha hewa, na kuyauza kijijini kwake kuanzia Novemba kwa bei ya haki, kinapata faida na kinalinda watoto wa majirani. Kinachokosekana ni ghala dogo la kijiji na mkopo unaotoka Julai badala ya Machi. Zaidi ya hapo, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huuza mahindi ya bei nafuu katika maeneo yenye upungufu. Kwa nini vikundi vya wanawake vilivyosajiliwa visiwe ndio wauzaji wa mahindi hayo katika vijiji vyao, kwa kamisheni inayofahamika? Mahindi yanayoteremshwa makao makuu ya wilaya bado hayajamfikia mwanamke wa Matale au wa Ketumbeine, ambaye nauli ya kuyafuata inaweza kumeza unafuu wote wa bei.

Mfano wa ile ya kwanza, ya mteja asiyetegemea mvua ileile, ni biashara ya mpaka wa Namanga, kati yetu na Kenya. Kituo cha huduma za pamoja kilizinduliwa rasmi Desemba 2018, na utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa cheti rahisi cha uasilia, kinachoonyesha bidhaa ilikotoka, bila kuhitaji wakala wa forodha. Wanawake wengi ninaowafahamu hawajawahi kuelezwa habari hizi. Wanavusha maharage, mbuzi na ushanga kwa njia za panya, wanaogopa mamlaka kwa bidhaa ambazo wangeweza kuzipitisha mbele ya dirisha la forodha, na wakikamatwa mtaji wote unapotea siku moja. Maelezo hayo yakitolewa kwa Kimaasai siku ya mnada, kwa kipaza sauti, yatafanya kazi kuliko semina ya siku mbili hotelini.

Lugha na karatasi navyo vinastahili neno. Kikundi kinatakiwa kiwe na katiba, muhtasari, akaunti ya benki, andiko la mradi na vitambulisho vya wanachama. Sipingi hata kimoja. Lakini mwanamke asiyesoma Kiswahili anapoweka dole gumba kwenye katiba ambayo hakuisikia ikisomwa kwa lugha anayoielewa, hapo ndipo vikundi hewa vinapozaliwa, kwa maana katibu ndiye kikundi. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata akilazimika kusoma katiba kwa Kimaasai mbele ya wanachama kabla ya dole gumba la kwanza, nadhani tutakuwa tumepunguza ufisadi kwa gharama ndogo kabisa. Na ruhusuni fedha zitolewe na marejesho yafanyike kwa simu, kwa namba ya kikundi yenye watia idhini zaidi ya mmoja, ili mtu asifunge duka siku nzima na kulipa bodaboda kwenda benki kuweka rejesho.

Limebaki suala la nani mwenye mali. Baada ya ukame wa 2009, Serikali ya Awamu ya Nne ilinunua ng'ombe na kuwagawia waliopoteza mifugo yote Longido, Monduli na Ngorongoro. Lilikuwa jambo la utu, na wengi walinyanyuka. Lakini mifugo ile ilitolewa kwa kaya, na kwetu kaya ina mwenyewe, ambaye si mama. Sitaki fedha za wanawake ziwe chanzo cha ugomvi bomani; nimeona vikundi vikifanikiwa zaidi pale ambapo waume na viongozi wa mila waliitwa kwenye kikao cha kwanza, wakaelezwa, na wakaahidi mbele ya watu kwamba mali ya duka haitauzwa kununulia ng'ombe. Kinachohitajika upande wa sheria ni kwamba kibanda, kiwanja cha mnadani na ghala vya kikundi viandikwe kwa jina la kikundi, na halmashauri za vijiji zitoe hati miliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwa vikundi hivyo kama zinavyotoa kwa wengine.

Waheshimiwa, bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na mapendekezo mengi niliyoyataja yanaweza kuanza bila kusubiri Bunge: madiwani wanaweza kuomba mwongozo wa TAMISEMI kuhusu marejesho ya kimisimu, maofisa mifugo wanaweza kuwasilisha bei za minada na hali ya malisho kwenye kamati ya mikopo kila robo mwaka, na wakurugenzi wanaweza kupanga mikopo ya nafaka itoke kabla ya mavuno kwisha. Ninapendekeza halmashauri moja tu ichaguliwe kwa majaribio, ifuatwe kwa misimu miwili ya mvua, na marejesho yake yalinganishwe na ya halmashauri jirani iliyobaki na utaratibu wa kila mwezi. Vikundi ninavyovisaidia vimekubali vitabu vyao vikaguliwe kwa ajili hiyo, pamoja na madaftari ya madeni, mradi majina ya wadaiwa yafunikwe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Longido, Arusha